Theluji Ndani ya Kabati

Kitabu cha kumlaza mtoto ndicho kilichotuamsha nyumba nzima saa kumi na moja alfajiri. Kilimwamsha na jirani wa chini, kikamtoa mume wangu mbio na tochi kwenda kufunga koki kuu ya maji. Sikilaumu kitabu hicho. Nakipenda, na ningefurahi kila nyumba yenye mtoto mdogo iwe nacho au iwe na kingine cha tabia hiyohiyo.

Kinaitwa The Snowy Day. Aliyekiandika na kukichora ni Ezra Jack Keats, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland. Kilitoka mwaka 1962, na mwaka uliofuata kikapata Medali ya Caldecott, tuzo wanayopewa wachoraji wa vitabu vya watoto Marekani. Maktaba ya Umma ya New York ilipotimiza miaka 125 na kutazama daftari zake, mwaka 2020, ilikuta hiki ndicho kitabu kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake, zaidi ya mara 485,000.

Mwenye kisa ni mtoto mweusi aitwaye Peter, aliyevaa ovaroli nyekundu yenye kofia iliyochongoka. Anaamka asubuhi na kukuta mji umefunikwa na theluji. Anatoka, anakanyaga vidole vikiwa vimetazama nje, kisha ndani, anaburuta kijiti, anaugonga mti theluji imdondokee kichwani. Jioni anafinyanga tonge la theluji, analitia mfukoni liwe akiba ya kesho. Kabla ya kulala anachungulia mfuko. Mtupu. Keats hamwelezi Peter kilichotokea, wala hamwelezi msomaji. Mtoto anabaki na huzuni yake na mfuko wake, na ukurasa unageuka.

Visa vyetu vyote vilianzia kwenye mfuko huo.

Sisi tunaishi Buffalo, mji ulio kando ya Ziwa Erie, upande wa magharibi wa jimbo la New York. Ukijumlisha theluji yote ya msimu mmoja, kwa kawaida inazidi mita 2. Anayeileta ni ziwa lenyewe. Majira ya baridi yanapoanza, maji yake bado yana joto la kiangazi. Upepo mkali wa baridi unapita juu yake, unajitwisha unyevu, na ukigusa nchi kavu unautua wote mlangoni kwetu. Nyumba nyingi za huku ni za mbao, familia moja juu na nyingine chini. Sisi tuko juu, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika habari hii.

Mwezi Novemba tulipata mgeni: mama mzazi wa mume wangu, kutoka Marangu. Bibi ameiona theluji tangu hajajua kusema, maana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kipo juu ya kihamba chao, shamba la nyumbani, mawingu yakifunguka asubuhi unakiona cheupe kabisa. Lakini hakuwahi kuigusa. Siku ya kwanza ilipoanguka alisimama barazani akakinga kiganja, akasema, "Wewe tumesalimiana kwa mbali miaka yote hii. Leo njoo tushikane mikono."

Mjukuu wake wa mwisho ana miaka mitano, nasi tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kaka yake ana miaka 11 na jibu la kila swali. Ratiba ya usiku haibadiliki: chakula, mswaki, choo, kitabu kimoja, taa. Baba yao anafuata picha na kusimulia kwa Kiswahili, kila usiku kwa namna nyingine. Anaweza kufupisha mti, anaweza kufupisha kijiti. Ukurasa wa mfuko haruhusiwi kuugusa.

Kisa cha mfuko

Jumamosi moja Kitinda alirudi kucheza nje akiwa amefunga midomo kama mtu mwenye siri. Akavua mabuti, akavua glavu, jaketi akalitundika mwenyewe kwenye msumari wa ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila kuombwa. Chini ya msumari huo kuna hita. Kando ya hita kaka yake alikuwa ameegemeza mkoba wa shule, zipu wazi.

Tulikuwa mezani tukisikia tone, tone, tone, kila mtu akidhani ni bomba la jikoni. Aliyegundua ni kaka mtu, alipofungua daftari lake la hesabu na kukuta wino wa wiki nzima umekuwa ziwa la bluu. Zikapigwa kelele. Kitinda hakujali daftari. Alikwenda kwenye jaketi, akatia mkono mfukoni, akautoa ukiwa umelowa, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amechukua theluji yangu?"

Baba yake alivuta pumzi aanze kueleza. Kitinda akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usiniambie! Peter hakuambiwa!"

Hapo ndipo Bibi alipoweka kikombe chake chini. "Baba, mwache. Mwenye macho haambiwi tazama." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, umeibiwa? Basi tumtafute mwizi."

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nyumba, na mimi niliiunga mkono kwa moyo wote: kuhusu theluji, hakuna mtu mzima kutoa jibu kabla mtoto hajalitafuta kwa mikono yake. Kaka mtu aliona sheria hiyo ni mateso.

Kisa cha ndoo

Mwizi hukamatwa kwa mtego. Kitinda alijaza theluji ndoo ya kudekia, ile mpya nyepesi iliyoanguka usiku, akaomba asaidiwe kuipandisha ngazi, akaiweka katikati ya sebule. Akavuta kigoda, akakaa ulinzi. Alipokwenda choo alimwachia Bibi zamu kwa masharti: macho yasitoke kwenye ndoo, na mikono iwe mapajani.

Theluji ikashuka. Haikutoka, haikumwagika, ilishuka tu ndani ya ndoo, na pembeni pakaanza kung'aa maji. Mchana ilipokwisha yote, maji yalifunika kitako cha ndoo na kupanda kidogo tu. Ndoo nzima ya theluji, na maji ya kujaza jagi! Kitinda aliyatazama maji, akamtazama Bibi. Bibi, bila kuambiwa, akafungua kinywa ili anuswe.

Kaka mtu alikuwa anapasuka kwa hamu ya kusema. Theluji mpya na kavu, sehemu yake kubwa ni hewa. Kwa wastani sentimita 10 za theluji hiyo zikiyeyuka hutoa sentimita 1 tu ya maji. Alilijua jibu, alikuwa amelisoma shuleni, na alibana midomo hadi ikabadilika rangi. Lakini Bibi alikuwa amekwenda chumbani kuchukua kaniki.

Wakatoka barazani wawili, theluji ikianguka polepole bila upepo. Bibi alikuwa ameitandaza kaniki kwenye ngazi ipoe kwanza. Punje zikatua juu ya weusi ule na hazikuyeyuka. Nikasogea na mimi. Kila punje ilikuwa na mikono sita, kila mkono una matawi madogo, na kila tawi lina meno, na kati ya mkono na mkono kaniki ilionekana wazi. Punje moja ilitua juu ya nyingine, zikagusana kwenye ncha tu, na katikati pakabaki pengo.

Njia hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Wilson Bentley, mkulima wa kijiji cha Jericho jimboni Vermont. Alidaka punje za theluji kwenye ubao mweusi, akazipeleka upesi chini ya hadubini iliyounganishwa na kamera, na mwaka 1885 akafanikiwa kupiga picha ya kwanza ya punje moja. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Bibi hakuwahi kusikia habari zake. Alijua tu kwamba kitu cheupe hutazamwa juu ya kitu cheusi, kama achambuavyo mchele.

Kitinda alikaa kimya muda mrefu, pua yake karibu iguse kitambaa. Akainuka. "Bibi, hakuna mwizi. Ni nafasi. Theluji imejaa nafasi."

Nimeishi na watu wenye shahada ambao hawajawahi kuifikia sentensi ya namna hiyo. Usiku Baba yao alitoka kazini, akaingia gizani asituamshe, akaipiga ndoo teke, na zulia likanywa kilichobaki. Lakini mchana ule ulikuwa umeshapata faida yake.

Kisa cha kabati

Sasa Kitinda alijua kwamba joto la nyumba ndilo linaloifanya theluji ilale na kuwa maji. Likazuka swali la pili, ambalo Peter pia alikuwa nalo: nitaiwekaje mpaka kesho? Friza nilimkatalia, maana ilikuwa imejaa samaki na sambusa za sikukuu. Akafikiri siku nzima, kisha wakati wa chakula akatangaza:

"Mimi nikitoka nje mnanifunika nguo nyingi baridi isiingie. Theluji ikija ndani tuifunike nguo nyingi joto lisiingie."

Kaka yake aliangua kicheko. "Blanketi linaleta joto! Ukiifunika itayeyuka mara mbili!"

"Halileti."

"Linaleta."

Bibi akawa hakimu. Ikawekwa dau: atakayeshindwa atampa mwenzake sambusa zake zote za Ijumaa. Theluji ikashindiliwa na kupimwa kwenye mzani wa jikoni, kilo nne nne. Ya kaka mtu ikawekwa wazi kwenye sufuria, juu ya meza. Ya Kitinda ikatiwa ndani ya foronya, ikazungushiwa blanketi zito, juu yake likaja sweta la Bibi, mwisho skafu mbili zilizofungwa fundo. Bibi aliagiza furushi likae ndani ya karai. Kitinda akalipeleka kwenye kabati la nguo chumbani kwake, ili kaka mtu asilipulizie pumzi. Karai na furushi pamoja mlango wa kabati ulikataa kufunga. Akatoa karai.

Saa kumi na moja alfajiri mlango uligongwa kwa ngumi. Jirani wa chini alikuwa amesimama kwenye ngazi amevaa pajama, beseni mkononi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini juu ya kitanda chake.

Katika mji huu, maji yakidondoka usiku wa baridi kali, kila mtu anawaza jambo moja: bomba limepasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba la chuma haliwezi kuhimili hilo. Linachanika kimyakimya, na barafu ikiachia, nyumba inafurika. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali. Baba yao alishuka ngazi mbio na tochi hadi chumba cha chini ya nyumba, akafunga koki kuu. Mimi nilikagua bafuni, kisha jikoni, nikapapasa ukuta mmoja baada ya mwingine. Kaka mtu aliamka, akapita katikati ya taharuki yote, akaenda moja kwa moja kutazama sufuria yake. Ndani palikuwa na maji matupu. Akarudi kimya.

Koki ilikuwa imefungwa, na maji bado yalidondoka. Jirani akainua kidole tusikilize. Tukaifuata sauti hadi chumba cha watoto, hadi kwenye kabati. Zulia dogo la mbele yake lilikuwa limeloa chepechepe. Jirani akashika kitasa.

"Msifungue!" Kitinda alikuwa amesimama juu ya kitanda, nywele wima. "Mtaingiza joto!"

Kabati likafunguliwa. Furushi likatolewa likichuruzika, likawekwa kwenye beseni la jirani, nasi tukapiga magoti tukilizunguka, watu wazima wanne na watoto wawili. Bibi akafungua skafu, akavua sweta, akafunua blanketi, akakunjua foronya. Ndani kulikuwa na theluji. Ilikuwa imepungua, imekuwa ngumu na ya kioo kwenye kingo, lakini ilikuwepo, zaidi ya nusu yake, nyeupe, baada ya usiku mzima ndani ya nyumba yenye joto.

Hakuna aliyesema neno kuhusu dari. Kaka mtu alinyoosha mkono akaigusa, akauvuta, akaigusa tena. Kisha akamwambia dada yake, mbele ya watu wote, "Umeshinda." Kwangu mimi hilo lilikuwa na thamani kuliko rangi ya dari yoyote.

Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kulikwamisha joto lisipite, litoke wapi, liende wapi. Likimfunika mtu, joto la mwili haliondoki haraka. Likifunika theluji, joto la chumba haliingii haraka. Watu wamejenga biashara juu ya jambo hilo. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alisafirisha kwa meli iitwayo Tuscany tani 180 hivi za barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts, ikiwa imefunikwa joto lisiifikie. Meli ilivuka ikweta mara mbili, ikasafiri miezi minne, na ilipofika Calcutta, karibu tani 100 zilikuwa bado barafu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameifikia hoja ya Tudor akianzia kwenye ovaroli yake mwenyewe.

Bibi alimshika jirani mkono kwa mikono yake miwili. "Samahani sana, baba. Ni wajukuu." Jirani hajui Kiswahili, lakini alielewa, na chai ya tangawizi aliyoandaliwa ilimalizia tafsiri. Akakaa jikoni kwetu mpaka kulipopambazuka, akimweleza Kitinda kwamba babu yake alihifadhi barafu ya majira ya baridi kwenye vumbi la mbao mpaka kiangazi. Jumapili Baba yao alishuka na ndoo ya rangi akapaka dari upya. Sambusa za Ijumaa zilikwenda kwa mshindi, naye akazigawa tatu kwa kaka yake.

Kisa cha mswaki

Usiku mmoja baadaye Kitinda hakuchukua kitabu. Alimwendea Bibi na mto wake. "Leo nisimulie ya theluji ya kwenu."

Bibi akasimulia habari za wakubwa wa zamani waliotaka kujua kile cheupe cha juu ya Kibo ni nini, kilichong'aa mithili ya fedha. Habari hizo hazikubaki midomoni tu. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848 na kuandika kwamba una theluji, na mabingwa wa jiografia huko Ulaya wakambishia kwa miaka. Wenyeji wa mlimani hawakuwa na la kubisha. Rebmann aliandika kwamba Mangi Rungua wa Machame aliwahi kutuma msafara upande, na akarudi mtu mmoja, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Aliandika pia kwamba kitu hicho cha fedha kiliwahi kuteremshwa ndani ya chupa, na chupa zilipofika chini zilikuwa na maji.

Kitinda aliketi. "Kama mfuko wa Peter!"

"Kama mfuko wa Peter."

"Kwa nini hiki hakina kitabu?"

Swali hilo lilinichoma, maana hata mimi sijawahi kukiona. Watoto wa Marangu, Machame na Rombo wanaiona theluji wakitoka kupiga mswaki asubuhi, na kitabu cha picha cha kuwalazia kinachosimulia theluji ninachokijua kinatoka Brooklyn. Keats alikata picha za mtoto mmoja mweusi wa Georgia kwenye gazeti la Life la mwaka 1940, akazihifadhi zaidi ya miaka 20, mpaka akapata nafasi ya kumtia mtoto huyo katika kitabu, kwa sababu katika vitabu alivyopewa kuchora hakuwa amewahi kukutana naye kama shujaa. Aliona pengo, akalijaza kwa mikono yake. Nasi tunalo letu.

Baba yao akawaeleza watoto jinsi Keats alivyozitengeneza zile picha: alikata na kubandika karatasi za kila aina, gauni la mama yake Peter alilikata kwenye kitambaa cha mpira kinachotandikwa makabatini, punje za theluji alizichonga kwenye vifutio, akavichovya rangi na kugonga mihuri, na usiku wa Peter aliupata kwa kunyunyiza wino kwa mswaki. Kitinda alisikiliza kila neno.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta kiwanda. Vifutio vyote vya kaka mtu vilikuwa vimechongwa mikono sita, na aliyevichonga ni kaka mtu mwenyewe. Mswaki wa Baba yao ulikuwa mweusi tii. Ukuta wa ukumbini ulikuwa na usiku wake, wenye nyota, kuanzia usawa wa goti mpaka alipofikia mtu mfupi aliyesimama juu ya kigoda. Na Bibi alikuwa ameketi sakafuni akikishika kitenge chake cha kijani cha kwenda kanisani, ambacho pembe yake moja haikuwepo tena. Pembe hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye karatasi, imekuwa migomba.

Nilimtazama Bibi nikisubiri. Aliipitisha mikono kwenye ule mkato, akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaitazama migomba. "Mwanangu," akaniambia, "kihamba chetu kimetoka vizuri. Nipe mkasi, nikate na shina."

Walipofika ukurasa wa Kibo, Kitinda alitaka kujua theluji ishuke mpaka wapi. Bibi akaweka kidole juu ya karatasi: nilipokuwa msichana ilifika hapa. Akakipandisha: sasa ni hapa. Vipimo vinakubaliana na kidole chake. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12; kufikia mwaka 2011 ilibaki chini ya 2. Wanasayansi wanataja hewa iliyokauka zaidi, theluji mpya inayopungua, na joto la dunia linalopanda.

"Bibi, na hiyo nani anaichukua?"

Bibi hakulikimbia swali. "Hiyo, mke mwenzangu, tunaichukua watu wengi kidogokidogo, na jua linatusaidia."

Kitinda akafikiri. "Tuifunike blanketi."

Kaka mtu hakucheka. Alikwenda kutafuta, akarudi na picha ya barafu ya Rhône kule Uswisi, ambako wakati wa kiangazi watu wamekuwa wakitandaza mashuka makubwa meupe juu ya sehemu ya barafu ili kuipunguzia kuyeyuka. Mashuka hayawezi kuiokoa milima, yanachelewesha tu. Lakini watoto wale wawili waliitazama picha hiyo wakiwa na uso wa mafundi wanaotazama kazi ya fundi mwenzao, na maswali yaliyofuata yalikuwa ya maana kuliko mengi niliyoyasikia mikutanoni: shuka linashonwaje, nani analipia, upepo haulichukui, na Kibo kina mapana gani?

Msururu huo wote, kutoka mfuko uliolowa mpaka mlima unaovuliwa nguo yake, ulianza kwa sababu mwandishi mmoja aliacha mfuko mtupu bila maelezo, na kwa sababu bibi mmoja alituzuia kuuziba kwa maneno. Sisi wazazi tuna haraka ya kujibu. Tunadhani jibu ni zawadi, na mara nyingi ni hivyo, lakini likitangulia swali linamnyang'anya mtoto kazi yake. Zulia hukauka na dari hupakwa rangi. Mtoto aliyezoea kuambiwa "utalowesha nyumba" kila anapotaka kujaribu jambo, huyo hukauka kwa namna nyingine, na hakuna rangi ya kumrudisha.

Basi, mzazi mwenzangu, soma kitabu cha picha usiku, kwa Kiswahili chako, hata kama picha ni za mbali. Ukifika mahali mwandishi alipokaa kimya, kaa kimya nawe. Weka karai chini, na hakikisha mlango wa kabati unafunga karai likiwa ndani. Na enyi waandishi na wachoraji wetu, chupa za Kibo zinawasubiri. Habari ipo, mlima upo, na watoto wa kuisoma wanalala chini yake kila usiku.

Kitabu cha kwetu kina kurasa 14, kimeshonwa kwa uzi wa sweta la Bibi, na anakwenda nacho Marangu kwa wajukuu wa huko. Ukurasa wa chupa upo. Unaofuata ni mtupu, kwa amri ya Kitinda, na Bibi amepewa maagizo akiwa anafunga sanduku: wakimuuliza theluji ilikwenda wapi, awape kwanza kalamu.